Kondoo mchanga na minyoo: anza na jicho, mkia baadaye

Kuanzia Januari hadi Aprili, kifuku kikiwa kimekolea, ombi linalosikika sana kwenye maduka ya dawa za mifugo, toka Mtwara mjini mpaka Nachingwea, ni hili: "Kondoo wangu wadogo wanaharisha, nipe dawa ya minyoo." Chupa inatoka, hela inaingia, mambo yameisha. Tabu ni kwamba mnyoo wa kuogopwa kuliko wote kwenye maeneo ya joto na unyevu kama yetu hana kawaida ya kuharishisha. Kondoo anayekufa kwa mnyoo huyo mara nyingi ana kinyesi kikavu cha punje punje, amebaki nyuma ya kundi, na hakuna anayemshughulikia kwa sababu mkia wake ni msafi.

Kitaalamu mnyoo huyo anaitwa Haemonchus contortus. Anakaa kwenye tumbo la nne, lile linalofuata baada ya tumbo lenye kurasa kurasa, na chakula chake ni damu. Mmoja hunyonya takribani mililita 0.05 kwa siku. Inaonekana si kitu mpaka upige hesabu. Mtoto wa kondoo wa kilo 10 ana damu ya mililita 700 hivi mwili mzima. Akibeba minyoo 1,000, idadi ambayo haishangazi wakati wa mvua, anapoteza mililita 50 kila siku. Mwili unajitahidi kutengeneza damu nyingine, madini ya chuma yanakwisha, protini inakwisha, halafu siku moja anakimbizwa kidogo tu kurudi zizini na anaanguka njiani. Hapo utasikia kaumwa na nyoka, au kala jani baya.

Kumwona mnyoo huyu hakuhitaji maabara. Siku ya kuchinja, iwe Idi au akika, au siku mnyama amekufa na bado hajapoa, lichukue tumbo la nne kabla halijaoshwa, ulichane kwa urefu wake upande wa nje uliojipinda. Kama lina joto bado utaviona vitu vyembamba, vya sentimita 2 hadi 3, vinajinyonganyonga juu ya utando. Mwinue mmoja kwa ncha ya kisu umweke kwenye kiganja chenye maji kidogo. Jike ana mstari mwekundu na mweupe iliyosokotana: mwekundu ni utumbo wake uliojaa damu, mweupe ni mirija ya mayai. Ukutani mwa tumbo, pale walipokuwa wananyonya, kuna vidoa vya damu vidogo vidogo. Mzoga uliolala usiku kucha hautakuonyesha haya vizuri, maana minyoo wanapauka na kuoza upesi. Kwa hiyo usingoje mpaka saa nne.

Jike mmoja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Yanatoka na kinyesi, na kwa joto la huku, udongo ukiwa na unyevu, ndani ya siku 5 hadi 7 viluwiluwi viko tayari kuambukiza. Vinapanda majani ndani ya maji ya umande, vinaliwa, na wiki 3 baadaye ni minyoo wakubwa wanaotaga. Mzunguko mzima ni kama mwezi mmoja. Mvua ikishika Desemba, Januari kuna kizazi kipya malishoni, Februari kingine juu yake, na kila kimoja ni kikubwa kuliko kilichopita. Ndiyo maana Desemba kundi linapendeza na Machi unazika. Aliyenywesha dawa mara moja mvua zilipoanza akaweka chupa juu ya dari amejilinda dhidi ya Desemba tu.

Kusoma jicho

Mtoe mnyama nje, penye mwanga wa mchana, ila jicho lisielekee jua moja kwa moja. Kwa gumba la mkono mmoja ifunge kope ya juu, kisha ikandamize taratibu juu ya mboni mpaka uone kope ya chini inanyanyuka. Kwa gumba la mkono wa pili vuta kope ya chini kwenda chini. Utando wa ndani utajitokeza wenyewe. Usome hapo hapo, sekunde 2 au 3, kwa sababu ukiuacha wazi unaanza kuwasha na kuwa mwekundu, ukakudanganya. Usisome rangi ya ukingo wa kope wala weupe wa jicho. Soma kitanda cha ule utando wa chini. Tazama macho yote mawili, na yakitofautiana fuata lililopauka zaidi. Kondoo mwenye macho mekundu kwa vumbi au kwa ugonjwa wa macho hasomeki kwa njia hii.

Kuna kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini kwa ajili ya mnyoo huyu huyu, yenye rangi 5. Namba 1 ni nyekundu iliyoiva, namba 5 ni nyeupe. Wa 1 na 2 haguswi na dawa. Wa 4 na 5 ananyweshwa leo hii, si kesho kutwa. Wa 3, akiwa mkubwa mwenye nyama mgongoni, anaweza kusubiri ukaguzi ujao. Akiwa mtoto asisubiri. Kadi iliyotolewa fotokopi, au picha yake kwenye simu, haina faida, kwa kuwa rangi hubadilika. Bora kulinganisha na jicho la dume lako lenye afya kuliko kutumia kadi ya uongo.

Ukaguzi ufanyike kila baada ya siku 14 mvua zikianza, na kila siku 7 hadi 10 kuanzia Februari mpaka Aprili. Kiangazi mara moja kwa mwezi inatosha. Watu wawili wakizoea, mmoja anashika na mwingine anasoma, kundi la kondoo 30 linakwisha kabla chai haijapoa.

Pamoja na jicho, pitisha mkono chini ya taya. Uvimbe laini, wa maji, usio na joto, ni dalili ya upungufu wa protini kwenye damu. Jioni unakuwa mkubwa kwa sababu mnyama ameshinda ameinamisha kichwa anakula. Asubuhi umepungua au haupo. Anayekagua asubuhi tu anaukosa.

Jicho jeupe lina sababu nyingine pia. Kwa walio Liwale na vijiji vinavyopakana na mapori yenye mbung'o, nagana inapausha vilevile. Kupe wengi wanapausha. Wanaochunga kwenye mabonde ya mpunga na kingo za madimbwi yenye konokono wanapata minyoo bapa wa ini, ambao nao huleta uvimbe wa taya. Kama umenywesha kipimo sahihi na baada ya siku 10 jicho halijaanza kurudi, usirudie chupa ile ile. Tafuta daktari achukue damu na kinyesi.

Umri unasema mengi kuliko rangi ya kinyesi

Kabla ya kufungua chupa yoyote, uliza huyu ana wiki ngapi.

Mtoto wa siku 3, wa siku 7, anayeharisha maji ya njano hana minyoo ya kutibiwa kwa albendazoli. Hapo fikiria bakteria, kitovu, kukosa maziwa ya mwanzo, banda lenye mkojo. Kuna mnyoo mmoja mdogo, Strongyloides, anayepitia kwenye maziwa ya mama na kwenye ngozi ya miguu penye matandiko yaliyolowa, lakini dawa yake ya kwanza ni banda kavu.

Kati ya wiki 3 na 8 mshukiwa wa kwanza ni koksidia. Hawa si minyoo. Ni vijidudu vinavyoingia ndani ya seli za utumbo na kuzipasua, na hakuna dawa ya minyoo hata moja inayowagusa. Kosa hili ndilo linalopoteza watoto wengi wanaoharisha: mtu ananywesha albendazoli leo, anarudia kesho, anaongeza ivermektini siku ya tatu, mtoto anakufa, lawama inaenda kwa dawa feki. Dalili zake ni kuharisha kunakochafua miguu ya nyuma yote, wakati mwingine na kamasi au michirizi ya damu, kujikamua, tumbo kuuma, manyoya kusimama, maji mwilini kwisha haraka. Mara nyingi wanaugua kadhaa kwa pamoja, hasa waliofungiwa banda dogo au waliotoka kuachishwa ziwa. Kuharisha huanza kabla vijiyai havijatoka kwenye kinyesi, kwa hiyo majibu ya maabara ya siku ya kwanza yanaweza kuonyesha hakuna kitu. Na kinyume chake ni kweli: watoto wazima wenye afya hutoa vijiyai vingi tu bila kuumwa. Daktari mzuri anasoma majibu pamoja na umri na banda.

Matibabu: toltrazurili ya 5% kwa mililita 0.4 kwa kila kilo ya uzito, mara moja, ukiipata. Ile ya 2.5% ya kuku imetengenezwa kuchanganywa kwenye maji mengi. Usiimimine mdomoni mwa mwana-kondoo jinsi ilivyo. Salfadimidini inafanya kazi ikianza mapema, kwa siku zilizoandikwa kwenye kibandiko, na mnyama lazima anywe maji ya kutosha, kwani salfa hizo huganda kwenye figo za mnyama aliyekauka. Amproliamu, ile ya kuku inayopatikana kila duka, hutumika chini ya maelekezo ya daktari kwa miligramu 50 kwa kilo kwa siku, siku 5. Kwa unga wa 20%, mtoto wa kilo 10 anapata gramu 2.5 kwa siku. Usipitilize siku. Amproliamu inaua koksidia kwa kuwanyima vitamini B1, na ukizidisha inamnyima kondoo pia: anakuwa kipofu, kichwa kinavutwa nyuma, anapiga miguu hewani. Maji ya chumvi na sukari ni muhimu kuliko dawa yoyote kwenye saa 24 za kwanza.

Banda ndilo linalofuga koksidia. Vijiyai vinakomaa kwa siku chache penye joto na unyevu, na dawa za kawaida za kusafishia haziviui. Ukavu na jua vinaviua. Kichanja cha fito au mianzi, nafasi ya sentimita 1.5 kati ya fito na fito ili kinyesi kidondoke na mguu wa mtoto usizame, hulipa gharama yake msimu wa kwanza. Chombo cha chakula kiinuliwe juu ya usawa wa mkia, wasikinyee. Watoto wa miezi 3 wasilale na wa wiki 3, kwa sababu wakubwa wameshapata kinga na wanamwaga vijiyai kwa wadogo.

Kuanzia wiki 6 hadi 8, mtoto anapoanza kula majani kweli kweli, ndipo minyoo tuliyoanza nayo inaingia kazini, na kinga kamili haiji mpaka apite miezi 6, wengine hadi mwaka. Hapo pia wapo Trichostrongylus, wa utumbo mwembamba. Hao hawanyonyi damu. Wanaharibu utumbo, mnyama anakataa kula, anaharisha kinyesi cheusi kinachogandia mapajani, anakonda huku jicho likiwa bado jekundu. Hapa mkia una haki ya kusikilizwa. Mwenye kuharisha na kukonda, umri zaidi ya miezi 2, jicho zuri: nywesha.

Tegu ndio wanaotisha watu bure. Mfugaji anaona vipande vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele kwenye kinyesi, anahisi amempata adui. Ni Moniezia, na kwa kawaida madhara yake ni madogo. Wanaonekana, ndiyo maana wanasingiziwa. Wanaoua hawaonekani kwenye kinyesi.

Halafu kuna kuharisha kusikohusiana na chochote kati ya hivyo. Oktoba hadi Desemba, mabibo yakiwa yametapakaa chini ya mikorosho, kondoo aliyekula mengi kwa mara moja anapata tindikali tumboni: tumbo linajaa, anaharisha kinyesi chenye harufu ya uchachu, anayumba. Dawa ya minyoo haina kazi hapo. Mnyweshe soda ya kuokea mikate (bicarbonate), kama gramu 10 hadi 15 kwenye nusu lita ya maji ya vuguvugu kwa mnyama wa kilo 15 hadi 20, na mzuie asirudi shambani. Majani mabichi ya mvua ya kwanza nayo hulegeza tumbo siku mbili tatu. Na Juni hadi Agosti, wakati wa kupulizia salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, usichungie chini ya mikorosho iliyotoka kupuliziwa. Salfa nyingi tumboni huleta ule ule ugonjwa wa ubongo unaoletwa na amproliamu iliyozidi.

Kipimo: hapa ndipo dawa zinapoharibikiwa

Kukisia uzito kwa macho ni chanzo cha nusu ya malalamiko kwamba dawa hazifanyi kazi. Mizani ya kuning'inia ya kupimia korosho ipo karibu kila kijiji. Mtie mtoto kwenye kiroba kilichotobolewa matundu manne ya miguu, mning'inize, soma. Dakika moja. Kama huwezi kupima wote, pima aliye mkubwa kuliko wenzake kwenye kundi la umri mmoja na uwape wote kipimo chake, kamwe usitumie wastani. Tahadhari: kwa levamisoli na klosanteli wagawe kwa uzito unaokaribiana, kwani nafasi kati ya kipimo na sumu ni ndogo.

Albendazoli kwa minyoo ya mviringo ni miligramu 5 kwa kilo. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 60. Chupa ya 10% ina miligramu 100 kwenye kila mililita, kwa hiyo ni mililita 0.6. Chupa ya 2.5% ina miligramu 25, kwa hiyo ni mililita 2.4. Chupa mbili, jina moja, rangi inayofanana, tofauti mara nne. Aliyezoea 10% akauziwa 2.5% anatoa robo ya kipimo, minyoo dhaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki na kuzaana. Soma asilimia kila unaponunua, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Levamisoli ni miligramu 7.5 kwa kilo. Ile iliyochanganywa na oksiklozanidi ikiwa na miligramu 30 za levamisoli kwenye mililita, wa kilo 12 anapata mililita 3. Ikizidi mara tatu hivi anatoa mate, anatetemeka, anaweza kufa. Ivermektini ni miligramu 0.2 kwa kilo. Ya sindano ya 1% kwa wa kilo 12 ni mililita 0.24, kiasi ambacho hakipimiki kwa bomba la mililita 10. Tumia bomba la mililita 1. Vidonge vikubwa vya ng'ombe vilivyokatwa kwa kisu ni bahati nasibu, na kipande kikikwama kooni kinaua kabla ya minyoo. Majike waliopandwa ndani ya mwezi mmoja uliopita wasipewe albendazoli, maana inaharibu mimba.

Namna ya kunywesha ina uzito wake. Mtoto asimame, kichwa kiwe sawa na mgongo, kisiinuliwe juu. Ingiza bomba lisilo na sindano pembeni mwa mdomo, penye pengo lisilo na meno, lipitishe juu ya ulimi hadi nyuma, kisha sukuma taratibu. Ukimwaga mbele ya ulimi, mfereji wa tumboni mwa mtoto unajifunga kama anayenyonya na dawa inapita moja kwa moja hadi tumbo la nne, inatoka mwilini mapema. Ikipita kwenye tumbo kubwa inakaa muda mrefu na kazi inakuwa nzuri. Ukimwinua kichwa, dawa inaingia mapafuni. Akikohoa, mwachie papo hapo. Tikisa chupa ya albendazoli kila baada ya wanyama watatu wanne, kwani dawa hutuama chini.

Mbuzi. Huku karibu kila anayefuga kondoo ana mbuzi kwenye zizi hilo hilo, na minyoo yao ni ile ile. Mwili wa mbuzi huitoa dawa haraka kuliko wa kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo kwake ni pungufu. Albendazoli huongezwa mara mbili, levamisoli mara moja na nusu, kwa ushauri wa daktari. Anayewanywesha wote kwa kipimo kimoja anazalisha minyoo sugu ndani ya mbuzi, halafu mbuzi wanawapandikiza malishoni kwa kondoo. Ng'ombe, kwa sehemu kubwa, wana minyoo wao. Kuwapitisha ng'ombe nyuma ya kondoo kunasafisha malisho.

Ukitaka kujua kama dawa yako bado inafanya kazi, kinyesi kipimwe mara mbili. Chukua kwa watoto 10, moja kwa moja kutoka njia ya haja kwa kidole chenye glovu, gramu 5 kila mmoja. Kilichodondoka chini usiokote. Weka kwenye nailoni, kamua hewa yote, funga, andika namba ya mnyama, umri na tarehe ya dawa ya mwisho. Weka kwenye ndoo yenye barafu iliyofungwa kitambaa. Baridi inazuia mayai kuanguliwa, ila yasigande. Kifike maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) Mtwara ndani ya saa 24, la sivyo kwa joto letu mayai yataanguliwa njiani na utaambiwa hakuna kitu. Nywesha siku hiyo hiyo. Rudia kwa wanyama wale wale siku 14 baadaye kwa albendazoli, siku 7 kwa levamisoli. Wastani ukiwa mayai 1,200 kwa gramu mwanzo na 300 mwisho, umepungua 75%. Kinachotakiwa ni 95% au zaidi. Chini ya hapo, hamia kundi lingine la dawa. Kubadilisha chupa ya kampuni A kwa kampuni B yenye albendazoli ile ile si kubadilisha dawa.

Kuna ushauri unaopingwa sana nao ni sahihi: usinyweshe kundi zima. Wale wakubwa wenye macho mekundu wakiachwa, minyoo yao ambayo haijakutana na dawa inaendelea kutaga, na mayai hayo yanachanganyikana na ya minyoo sugu na kuifanya iwe michache. Ukiwanywesha wote kisha ukawapeleka malisho mapya, umepanda mbegu ya usugu peke yake kwenye shamba safi.

Mbegu za mapapai na majani ya mwarobaini vinapendwa na sina ugomvi navyo kwa mnyama mzima. Kwa mtoto mwenye jicho jeupe ni kumpotezea siku ambazo hana. Mrututu, uliotumika zamani, uachwe kabisa, kwani kondoo hufa kwa shaba upesi kuliko mifugo mingine. Chakula cha nguruwe na cha kuku nacho kina shaba ya kumtosha kumuua akilishwa muda mrefu.

Malisho na ratiba ya uzazi

Viluwiluwi vingi hukaa sentimita 5 za mwisho juu ya udongo. Jani likiwa refu kuliko kiganja, kondoo anakula juu na kuviacha. Likishakwanguliwa hadi mizizini, anameza vyote. Toa kundi umande ukishakauka, saa tatu au nne hivi, si alfajiri.

Wanaofunga kwa kamba chini ya mikorosho wana nafasi nzuri kuliko wanavyodhani. Kamba ya mita 4 inampa mnyama mita 50 za mraba. Hamisha kigingi kila baada ya siku 3, na usirudi pale pale kwa wiki 5. Siku 3 ni chache kwa mayai ya leo kugeuka viluwiluwi vya kumwambukiza kesho kutwa, na kwa joto la kifuku vilivyobaki vinamaliza akiba yao ya nguvu na wengi hufa kabla hujarudi. Kwenye visiwa vya Pasifiki, penye joto na mvua, utaratibu huo huo wa vipande 10 vya siku 3 na nusu ulijaribiwa kwa mbuzi na ukapunguza minyoo kwa kiasi kikubwa. Kinachoharibu ni uvivu wa kigingi: siku 3 zinakuwa 8, na hapo ni heri angeachwa azurure.

Dume anayekaa na majike mwaka mzima anakuzalishia watoto Desemba na Januari, wafikishe wiki 8 katikati ya Februari na Machi, wakati mbaya kuliko wote. Mimba ni siku 150 hivi. Mtenge dume, mwingize Januari mosi, mtoe katikati ya Februari. Watoto watazaliwa mwisho wa Mei hadi Julai, malisho yakikauka na viluwiluwi vikifa kwa jua. Gharama yake ni kwamba majike wananyonyesha majani yakianza kukakamaa, kwa hiyo lazima uwe umeweka akiba: majani ya karanga, maganda ya mbaazi, na mashudu ya ufuta au alizeti, gramu 150 kwa mtoto kwa siku baada ya kuachishwa ziwa, na zaidi kwa jike mwenye mapacha. Protini ndiyo inayomwezesha kondoo kustahimili minyoo. Jike anayekaribia kuzaa kinga yake inashuka na kumwaga mayai mengi, kuanzia wiki 2 kabla mpaka wiki 8 baada. Mkague jicho wakati huo hata kama ni kiangazi.

Kuhusu mbegu, Dorper anavutia sokoni kwa ukubwa, lakini kwenye pwani ya Kenya alipolinganishwa na kondoo Mwekundu wa Kimasai, watoto wa Mwekundu walikuwa na mayai machache ya minyoo na walikufa wachache. Anayetaka uzito apandishe dume la Dorper kwa majike wa kienyeji, asinunue Dorper watupu na kuwafunga bondeni.

Kila ukimnywesha mmoja, mtie alama: kata ya sikio, rangi, au daftari lenye namba. Mwisho wa kifuku hesabu. Aliyehitaji dawa mara 3 au 4 msimu mmoja huku wenzake wakipita na moja au bila kabisa, asibaki kuzaa, hata akiwa mzuri wa umbo. Huyo ni wa kuuza au kuchinja, na tarehe ya dawa ya mwisho iangaliwe kwenye daftari lile lile: kila chupa imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kula nyama, na klosanteli na ivermektini husubiriwa wiki kadhaa. Ukipanga kumchinja Idi kubwa, rudi nyuma kwenye kalenda kabla ya kuchagua chupa.